Muulize Sista: "Homa imeshuka, mbona mgonjwa anazidi kuzama?"

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu sepsisi, ile hali ambayo mitaani tunaambiwa "damu imeingia sumu". Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ametuma kitu ambacho ndugu wa mgonjwa hawakipati kirahisi: vipimo vyenyewe, siku kwa siku. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodi za upasuaji na wazazi mkoani Tanga mpaka magoti yakakataa.

*Sista, shikamoo. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya wilaya. Mtoto mzima, mshono mkavu. Kesho yake akaanza kusikia baridi. Wakampima malaria, hakuna, akapewa panadol. Tukaambiwa ni uchovu wa uzazi na maziwa yanaingia. Siku ya tatu homa ikashuka, tukashukuru, shangazi akaenda kupika mtori. Usiku ule akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yetu na kung'oa dripu. Wengine wakasema aletewe mchungaji amwombee. Asubuhi akapewa rufaa, akafariki siku hiyo hiyo hospitali ya mkoa. Cheti kimeandikwa sepsisi. Barua ya rufaa ninayo, ina vipimo vyake, nimekunakilia. Nataka kujua tu: ilikuwa inaonekana, au ni amri ya Mungu? — Dada mkubwa, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa huyo mtoto ambaye sasa naamini unamlea wewe. Naviandika vipimo kama ulivyovinakili ili na wasomaji wavione.

Siku ya kwanza jioni: joto 37.6, mapigo ya moyo 98, presha 118 kwa 72, kupumua 20.
Siku ya pili jioni: joto 38.3, mapigo 116, presha 108 kwa 64, kupumua 20.
Siku ya tatu jioni: joto 35.8, mapigo 132, presha 94 kwa 50, kupumua 20.

Ilikuwa inaonekana. Nimetafuta namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi, sijaipata.

Twende na hiyo 20 kwanza, maana inanikera tangu nilipofungua bahasha yako. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa hiyo 20 ni namba salama ya kuandika, haimsumbui mtu. Ukipita wodini ukasoma chati za vitanda kumi mfululizo, unaweza kukuta wote wanapumua mara 20: mwenye nimonia, mwenye mguu uliovunjika, na yule anayesubiri kuruhusiwa. Hakuna aliyehesabu. Kuhesabu kunataka usimame kando ya kitanda dakika nzima, ukitazama kifua kikipanda na kushuka huku jicho moja liko kwenye saa, na wakati huo kuna mwingine anakuita. Mgonjwa ambaye moyo wake unapiga 132 amelala tu kitandani, kisha anapumua 20 leo kama jana na juzi? Siamini. Na kupumua haraka huwa ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa. Kuanzia 22 unamtazama mgonjwa kwa jicho lingine. Kufika 25 unaita mtu.

Sasa joto. Mlishukuru homa iliposhuka, na msijilaumu kwa hilo, kila familia ingeshukuru. Lakini 35.8 ni chini ya kawaida. Mwili uliozidiwa na maambukizi unaweza kushindwa hata kutengeneza homa. Cha kufanya ni kusoma joto pamoja na mapigo. Homa inayoondoka kwa heri huondoka na mapigo yake: moyo nao unatulia, mgonjwa anaomba uji. Kwa mdogo wako joto lilishuka, moyo ukapanda kutoka 116 hadi 132, presha ikaanguka. Hapo mgonjwa anazama. Ongeza panadol, ambayo inashusha homa na kuacha ugonjwa pale pale, ndipo utaona kwa nini kipimajoto peke yake kimewadanganya wengi.

Presha nayo ina hila yake kwa vijana. Mwanamke wa umri ule ana moyo wenye nguvu na mishipa inayobana vizuri, kwa hiyo mwili unaishikilia presha kwa muda mrefu, halafu unaiachia kwa mkupuo. Anayesubiri presha ianguke ndipo aamini kwamba mzazi anaumwa, amechelewa.

Umesema mshono ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu kwa nje. Maambukizi ya mzazi mara nyingi huanzia ndani ya mfuko wa uzazi, na huko huoni kwa kufunua bandeji. Ungeulizwa maswali mengine: uchafu wa uzazi unanukaje? Chini ya kitovu kukibonyezwa anaruka? Mkojo je? Hukuandika habari ya mkojo, na nadhani hamkuulizwa. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa, sawa na vijiko viwili vya chakula. Mfuko wa mkojo ukikaa saa nne na kilichomo ni kidogo tena rangi ya chai ya rangi, figo zinalalamika.

Na kipimo cha malaria kilipotoka hakuna, hapo ndipo swali lilipotakiwa kuanza: kama si malaria, ni nini? Kwetu huwa tunaishia kwenye panadol, au tunahamia UTI na taifodi kwa mazoea. Na hata malaria ikikutwa haifungi mlango, hasa kwa watoto, maana mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja.

Kukuita kwa jina la mama yenu kulikuwa ni ubongo kukosa damu na oksijeni ya kutosha. Watu husema mashetani, wengine husema kichaa cha uzazi. Kichaa cha uzazi kipo, lakini mzazi anayechanganyikiwa huku mapigo ni 132 anatibiwa kwanza kama mgonjwa wa maambukizi. Mchungaji aombe, dawa ikiwa inaingia mshipani.

Wengi wananiuliza sepsisi ni mdudu gani. Si mdudu. Ni kinga ya mwili inapotoka nje ya mstari: mgambo wameitwa kumfukuza kibaka mmoja, wakaishia kuvunja soko zima. Kibaka anaweza kuwa bakteria wa mfuko wa uzazi, wa mkojo, wa mapafu, wa kidonda, wa utumbo uliotoboka. Uharibifu unaoua ni ule wa figo, mapafu, ini na ubongo. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2017 yalikuwa watu milioni 48.9 waliougua na milioni 11 waliofariki, karibu kifo kimoja kati ya kila vitano, na sehemu kubwa mno ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Angepona? Hilo hakuna anayeweza kuapa, na mimi siapi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jioni ya siku ya pili, mapigo yakiwa 116 na joto 38.3 kwa mzazi aliyepasuliwa, nafasi ilikuwepo. Utafiti mmoja mashuhuri wa mwaka 2006 kutoka Canada na Marekani uliwafuatilia wagonjwa wa sepsisi ambao presha ilishaanguka: kila saa antibayotiki ilivyochelewa, uwezekano wa kupona ulipungua kwa karibu asilimia 7.6. Malawi walijaribu mpango mmoja rahisi kwa wazazi, ambao hauhitaji mashine za ajabu: maji ya mshipani, antibayotiki, kuondoa chanzo cha maambukizi, kuhamisha mgonjwa mapema kama hapo alipo hapawezi, na kuendelea kumpima bila kukoma. Mdogo wako alipata dripu, na rufaa aliipata asubuhi ya mwisho.

Kilichotokea, kwa jinsi ninavyolisoma jedwali, ni kwamba kila zamu iliona mstari mmoja. Wa jioni ya kwanza aliona mzazi mwenye joto kidogo. Wa pili aliona homa, akatoa panadol. Wa tatu aliona homa imeshuka, akaandika. Hakuna aliyeweka kidole juu ya safu ya mapigo akakiteremsha: 98, 116, 132.

Kuhusu haki yako: kila kifo cha uzazi Tanzania kinatakiwa kuripotiwa na kufanyiwa mapitio. Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na nakala ya barua ya rufaa (nakala, halisi ibaki kwako), uliza kama mapitio yamefanyika na nini kimebadilishwa wodini. Ukiona kuna uzembe wa mtu, malalamiko yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa nesi. Nenda na mtu anayeweza kukaa kimya na kuandika, maana wewe utalia, na ni haki yako kulia.

*Shikamoo Sista. Mzee wangu ana tezi dume na amewekewa mpira wa mkojo, kila baada ya muda tunalazwa. Mimi ndiye ninayemuuguza. Nikisema mzee hayuko sawa naulizwa "kwani wewe ni daktari?" Nitasemaje bila kuonekana mkorofi? — Kijana wa Tabora*

Marahaba. Wewe si daktari, lakini ndiye peke yako mle wodini unayejua mzee huyu akiwa mzima yukoje. Manesi wanabadilishana, madaktari wa mafunzo wanahama, wewe upo. Tumia hicho ulicho nacho.

"Hayuko sawa" ni sentensi inayosahaulika kabla hujafika mlangoni. Sema: "Jana aliniuliza habari za ng'ombe wake, leo hanijui." "Tangu saa sita mchana mfuko wa mkojo haujaongezeka." "Nimehesabu pumzi zake dakika nzima, ni 28." Kisha uliza: "Mapigo na presha yake sasa hivi ni ngapi, na asubuhi zilikuwa ngapi?" Umeomba namba mbili, hujamtukana mtu. Halafu lile swali ambalo wanaouguza wote walikariri: "Je, hii inaweza kuwa sepsisi?" Ukiliuliza kwa sauti ya adabu, mwenye akili lazima asimame afikiri.

Wazee wana tabia yao. Wengi hawapandishi homa. Kinachoonekana ni kusinzia mchana kutwa, kukataa chakula, kuongea vitu visivyoeleweka, au kuanguka akienda msalani. Kwa mzee mwenye mpira, mabadiliko kama hayo ni ya kuripoti siku hiyo hiyo. Na usiseme "ni uzee". Uzee hauji kati ya Jumatatu na Jumanne.

Jambo lingine ambalo vitabu vingi vya Ulaya havikuandikiwa sisi: wanakuambia tazama ngozi kama imekuwa ya kijivu au ya bluu. Kwa ngozi yetu nyeusi tazama midomo, ulimi, ndani ya kope la chini, viganja na nyayo. Bonyeza kucha ya mkononi mpaka ipauke, uachie. Rangi isiporudi ndani ya sekunde tatu, na chumba hakina baridi, mwite nesi.

Wala usidhani kutosikilizwa ni kwa sababu mko Tabora. Mwaka 2021 msichana wa miaka 13, Martha Mills, aliumia kongosho kwa kuanguka na baiskeli, akalazwa katika hospitali kubwa London, akapata sepsisi. Wazazi wake walisema wazi kwamba wana hofu. Hakuhamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi, akafariki, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ukaona kwamba yaelekea angepona kama angehamishwa. Kutokana na hilo, tangu 2024 hospitali za England zimeanza kutumia utaratibu unaoitwa Kanuni ya Martha: ndugu akiona mgonjwa anazidi kudhoofu na hasikilizwi, anaweza mwenyewe kuita timu nyingine ije imtazame, usiku na mchana. Sisi hatuna namba ya kupiga namna hiyo. Tuna nesi kiongozi wa wodi, tuna daktari wa zamu, na tuna mganga mfawidhi ambaye jina lake na mara nyingi namba yake ya simu vimebandikwa pale mapokezi. Panda ngazi hizo kwa mpangilio, na kila unapopanda andika saa.

*Sista, mimi ni nesi mwenzako, nipo kusini. Unatusema sana kwenye safu yako. Usiku tunakuwa wawili kwa wagonjwa 38, mashine ya presha moja, betri yake tunanunua wenyewe. Unataka nihesabu pumzi za watu 38? — Nesi wa Lindi*

Hapana mdogo wangu, sitaki. Hesabu haikubali, na anayekuambia vinginevyo hajakaa zamu ya usiku. Betri za kununua wenyewe nazijua, tena zile za bei rahisi zinazokufa saa nane usiku.

Ila kati ya hao 38, unawajua sita. Mzazi aliyepasuliwa jana baada ya uchungu wa siku mbili. Mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Mwenye mpira wa mkojo. Yule wa utumbo. Mwenye VVU aliyeacha dawa. Mtoto mchanga wa mama aliyevunja chupa mapema. Hao wahesabu kweli, dakika nzima. Kwa wengine, kama hukuhesabu, acha nafasi wazi. Nafasi wazi inamwambia wa asubuhi kwamba kazi bado. 20 ya kubuni inamwambia alale.

Kwenye kupokezana zamu, ile "wagonjwa wote wanaendelea vizuri" iacheni. Semeni ya jana na ya leo: "Kitanda cha 14, mapigo yalikuwa 100, sasa 124." Na unapompigia daktari saa tisa usiku, usianze na "samahani kukusumbua". Anza hivi: "Kitanda cha 14, siku ya pili baada ya upasuaji. Mapigo 124, kupumua 28, presha 96, mkojo hakuna tangu saa nne. Nahisi ni sepsisi. Naomba uje sasa. Nitoe damu ya kuotesha na kuandaa antibayotiki?" Asipokuja, andika kwenye faili saa uliyompigia na alichojibu, halafu mpigie aliye juu yake. Damu ya kuotesha (ile ya kupimwa maabara kama ina bakteria) itolewe kabla ya dawa kama vifaa vipo. Majibu yake huchukua siku, na dawa haingojei majibu. Chupa zikikosekana, dawa itangulie.

Neno moja kuhusu dripu, maana ndugu wa wagonjwa wanaiheshimu kuliko antibayotiki. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa Tanzania ulifanyika hapa kwetu, Muheza. Watoto waliofika na homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wale waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, kama asilimia 10 na ushee, kuliko waliopewa taratibu, asilimia 7 hivi. Dunia nzima ya madaktari ilishtuka. Kwa hiyo maji yanatolewa kwa kipimo, na ukishafungulia unarudi kusikiliza kifua. Ndugu wakikung'ang'ania ufungulie yote iishe haraka, kataa.

*Nikiona dalili hizo nyumbani nianze sipro au ampiklox ya dukani halafu ndiyo twende hospitali? — Msomaji, Mbagala*

Nenda hospitali. Vidonge vya dukani kwa mtu mwenye sepsisi ni kupoteza masaa, na mgonjwa anayetapika havimfikii hata kidogo. Tena mkiruhusiwa kurudi nyumbani kabla majibu ya damu hayajatoka, acheni namba ya simu inayopatikana na mpige wenyewe kuuliza. New York, mwaka 2012, mvulana wa miaka 12, Rory Staunton, alichubuka mkono akicheza shuleni. Akaonekana kama mwenye ugonjwa wa kawaida wa tumbo, akaruhusiwa. Majibu ya damu yaliyoonyesha hatari yalitoka akiwa ameshaondoka, na familia haikuambiwa. Akafariki. Mwaka uliofuata jimbo hilo likazilazimisha hospitali zake kuwa na utaratibu wa kuitambua na kuitibu sepsisi.

*Sista, mimi nilipona. Nililazwa ICU wiki mbili baada ya nimonia. Sasa ni miezi mitatu, nywele zinatoka kwa mafungu, nasahau bei za bidhaa dukani kwangu, na usiku naota wanaume wamenifunga kamba. Mume wangu anasema niache kujidekeza. — Mama Duka, Unguja*

Hujidekezi, na mwambie mumeo asome hapa. Hayo yote yanajulikana kwa waliopona sepsisi: nywele kukatika baada ya miezi michache (huota tena), misuli kulegea, kusahau, usingizi wa vitisho. Kamba unazoziota pengine ni mipira na mikanda ya ICU; akili iliviona wakati wewe hukuwa na fahamu kamili. Waulize waliokuuguza wakusimulie siku zile zilikwendaje, kidogo kidogo, wengi huwasaidia. Bei ziandike kwenye daftari, tembea kila jioni hatua chache kuliko unavyotaka, kula mayai na maharage na dagaa. Zikikuzidi ndoto au ukakosa hamu ya kuishi, muone daktari wa afya ya akili, Mnazi Mmoja wapo.

Na homa yoyote mwaka huu usiivumilie nyumbani. Aliyewahi kuugua sepsisi anaweza kuugua tena, hivyo ukifika mapokezi liwe neno lako la kwanza, hata kabla ya jina: "Niliwahi kulazwa na sepsisi."

Toleo lijalo ni presha ya ujauzito. Andikeni kwa herufi kubwa tafadhali, na anayenakili vipimo aweke tarehe.